Nataka simu janja ya batani, nimechoka kukosea bei

Kamwene Fundi,

Habari za Mbeya na baridi yake. Mimi ni mama wa miaka 52, nauza mbao hapa Mafinga. Nazinunua kwa wenye dingdong, zile mashine za kupasulia magogo huko mashambani, nazileta kiwanjani, nazipanga kwa saizi, kisha wateja wananiagiza kutoka Morogoro, Dodoma na Dar. Zamani mteja alikuwa anakuja mwenyewe, anaugonga ubao kwa kidole, tunapatana. Siku hizi kila kitu ni WhatsApp: picha, vipimo, bei, namba ya gari, namba ya TP (kibali cha kusafirishia mbao), risiti. Meseji ninazoandika kwa siku, hata karani wa mahakama hazifikishi.

Shida yangu ni vidole. Tangu 2010 nilikuwa na Nokia E63 nyekundu, ile ya batani za herufi zote. Fundi, ile simu nilikuwa naandikia ndani ya mfuko wa koti. Nawaangalia vijana wakipakia gari, nahesabu pisi kwa mdomo, huku kidole gumba kinamjibu mteja. Ilipofika 2017 WhatsApp ikagoma kwenye zile Nokia, wanangu wakanichangia simu ya kupangusa. Hii niliyo nayo ni ya tatu. Kwa picha ni nzuri, ila kuandika ni mateso.

Nikupe visa viwili, ucheke halafu unisaidie. Kuna mzee mmoja wa Morogoro, mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa heshima zake. Mwaka jana alinitumia hela ya mzigo, nikamjibu "Sawa baba, nimepata." Simu ikaamua yenyewe: "Sawa baby, nimepata." Aliyeisoma kwanza ni mkewe. Nimempigia yule mama mara tatu kumweleza na mpaka leo sauti yake haijarudi kama zamani.

Hicho ni cha kucheka. Cha kulia ni cha Juni hii. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unaijua Juni ya Mafinga, vidole vimekufa ganzi, mteja wa Dodoma anauliza mbili kwa nne za futi kumi na mbili, pisi 400. Bei yangu 5,500. Nikaandika 4,500, nikatuma, simu mfukoni, nikaenda kuwasha moto. Narudi, ameshalipa zote na ananirushia skrinshoti ya maneno yangu mwenyewe. Nikampa mzigo. Laki nne nzima, kwa tarakimu moja.

Sasa nataka kurudi kwenye batani, lakini iwe simu yenye WhatsApp, laini mbili na programu ya benki. Kijana wa dada yangu yuko Kariakoo, ameniona BlackBerry KEY2 iliyotumika, safi kwa nje, laki tatu na nusu. Muuzaji kasema anaishikilia mpaka Jumamosi. Dereva wangu naye anasema Tunduma kuna BlackBerry Bold za elfu sitini, za batani tamu kabisa. Na binti wa steshenari hapa jirani amenionyesha mtandaoni simu ya Kichina inaitwa Unihertz Titan 2, ina umbo la mraba kama sahani ya keki, lakini sijui mtu yeyote aliyenayo.

Nichukue ipi? Usiniambie nizoee kioo, hilo wanangu wameshaniambia. Macho yangu bado mazima, ingawa usiku inabidi niisogeze simu mbali kidogo ndipo nisome. Sikio pia zima, kwa hiyo ukinikaripia nitasikia.

Mama Mbao, Mafinga


Shikamoo Mama Mbao,

Na Kamwene pia, ingawa huku kwetu tungekuamkia Ugonile. Sitakukaripia. Kwanza mwambie kijana asilipe Jumamosi. Muuzaji akipata mtu mwingine, ampe.

Nianze na ya elfu sitini maana haina maneno mengi. Hiyo Bold usiichukue hata ya bure. Mimi nimekaa kwenye meza ya ufundi hapa Mwanjelwa tangu enzi watu wanaombana PIN ya BlackBerry, ile ya kuchatia, kabla ya kuombana namba ya simu, na nakubaliana na dereva wako kwamba zile batani zilikuwa tamu. Lakini wenye BlackBerry, Wakanada, walizima huduma za simu zao za mfumo wa zamani tarehe 4 Januari 2022, na walitangaza wazi kwamba kuanzia siku hiyo hata kupiga, SMS na intaneti visitegemewe kwenye simu hizo. WhatsApp yenyewe ilikuwa imeshaziacha tangu mwisho wa 2017. Kwa hiyo unauziwa batani peke yake. Labda uigongee misumari.

KEY2 ni habari nyingine. Hiyo ni simu ya Android, ilitoka 2018, ikitengenezwa na TCL wa China kwa leseni ya jina la BlackBerry. Ni simu iliyotengenezwa kwa akili: ukipapasa juu ya batani bila kubonyeza, ukurasa wa kwenye kioo unapanda na kushuka, na alama ya kidole inasomwa kwenye batani ya nafasi. Leo WhatsApp inaingia bila tatizo. Nikiwa peke yangu na laki tatu na nusu ya kuchezea, ningeinunua mimi.

Ila wewe hujaniambia unataka ya kuchezea. Leseni ya TCL iliisha 31 Agosti 2020, na ahadi yao ya kuzihudumia simu zilizokwisha kuuzwa iliishia Agosti 2022. KEY2 ilibaki kwenye Android 8.1, haikupandishwa tena. Maana yake viraka vya usalama haviji, na kila mwaka programu moja au mbili zitakuambia toleo lako limepitwa. Programu za benki ndizo huwa za kwanza kununa. Unaweza ukaamka siku mzigo uko barabarani, ukakuta salio lako liko ndani ya simu isiyotaka kulifungua. Tena betri iliyomo ni ya miaka mingi sasa, na KEY2 haifunguki mgongo kama E63 yako ukachomoa betri na kuchomeka nyingine. Ni kupasha moto gundi na kubandua.

Na kuna jambo la namba. Hili hakuna muuzaji atakayekwambia, na kwako ndilo kubwa kuliko yote.

Simu hizi za batani hazina mstari wa namba peke yake. Namba zimepanda mgongoni mwa herufi, unabonyeza kwanza batani ya pembeni ndipo namba itoke. Kwenye E63 yako namba zilikaa katikati: 1, 2 na 3 ziko kwenye R, T na Y. Vidole vyako vilijifunza hapo miaka saba. BlackBerry wanaziweka kushoto: 1, 2 na 3 ziko kwenye W, E na R, halafu 4, 5 na 6 kwenye S, D na F, kisha 7, 8 na 9 kwenye Z, X na C. Umeliona hilo? Batani ya R iliyokuwa moja kwenye Nokia, kwenye BlackBerry ni tatu. Batani ya F iliyokuwa nne sasa ni sita. Wewe uliyesema unaandikia mfukoni bila kutazama, mwezi wa kwanza na KEY2 ungeuza mbao kwa bei ambazo hata dingdong ingeshangaa.

Halafu X. Miaka ile mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa mpakani, alinunua BlackBerry iliyotumika. Aliijaribu vizuri tu dukani: aliandika jina lake, la mkewe, akaandika "habari za asubuhi", batani zote zikaitikia. Baada ya siku mbili analeta simu mezani kwangu, hawezi kuandika nane. Laki nane inabaki sifuri tupu. Nilipofungua, batani ya X ilikuwa imekufa. Kiswahili hakina X wala Q, mama, kwa hiyo sisi tukijaribu simu kwa kuandika Kiswahili, batani hizo mbili hatuzigusi. Na kwenye BlackBerry, mgongoni mwa X kuna 8, na mgongoni mwa Q kuna alama ya reli, ile inayofunga *150*00#. Yaani herufi mbili tusizozitumia ndizo zimebeba vitu tunavyovitumia kila siku. Tangu hapo simu yoyote ya batani nikiletewa, naanza na Q na X.

Kwa hiyo kama moyo wako bado unaitaka KEY2, angalau iwe simu ya pili ya kuandikia tu, benki na pesa ya simu zibaki kwenye hii uliyo nayo. Kijana wako asimame dukani afanye hivi. Abonyeze kila batani, herufi zote ishirini na sita, kisha namba zote, sio kuandika salamu. Aangalie batani zenyewe zimepangwaje: zilizoletwa kutoka Ujerumani zimebadilishana Z na Y, na za Ufaransa A imekaa mahali pa Q. Ya Kijerumani kwa muuza mbao ni balaa la pekee, maana ukitaka kuandika "mbao za paini" inatoka "mbao ya paini", na wateja watadhani ngeli umezisahau shuleni. Abonyeze *#06#, ile namba ya tarakimu 15 aitume kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watamjibu ni simu gani. Jibu lisipolingana na simu aliyoshika, aiweke chini aondoke. Wengine walijifunza hilo Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchi nzima. Aweke laini zote mbili, kwa sababu KEY2 nyingine zina nafasi ya laini moja tu. Mwisho muuzaji aifute simu yote mbele yake na iwake mpaka mwisho bila kudai akaunti ya mtu mwingine. Risiti yenye jina la duka.

Sasa nirudi kwako.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikakuta kitu ulichokipitisha haraka haraka kama anayepitisha gunia la nyongeza kwenye mizani. Umesema macho mazima, ila usiku unaisogeza simu mbali ndipo usome. Mama, hayo ndiyo macho ya miaka 52, hata mimi yamenifika na ni mdogo wako. Ile 4,500 kidole kiliteleza, ni kweli, nne na tano zinakaa jirani. Lakini ulituma bila kuiona. Ungekuwa na E63 mkononi asubuhi ile, vidole vimekufa ganzi vilevile, giza lilelile, bado G na F zimepakana. Batani inakwambia umebonyeza. Haikwambii umebonyeza nini.

Nenda kapimwe, ununue miwani ya kusomea, uifunge kamba uivae shingoni pale kiwanjani. Na ujue pia kwamba KEY2 na jamaa zake kioo chao ni kifupi, inchi nne na nusu tu, kwa sababu sehemu ya uso wa simu wamepewa batani. Maandishi yatakuwa madogo zaidi ya haya unayoyasogeza mbali sasa.

Kisa cha "baby" nacho hakikutokana na kioo. Simu yako inadhani unaandika Kiingereza. Kamusi iliyomo ndani haijui "baba", inatafuta neno la jirani, na jirani yake ndiye huyo aliyekuharibia Morogoro. Hii inatibika kwa dakika tano, na nashangaa wanao waliokuchangia simu hawakukufanyia. Kama unatumia kibodi ya Google, inaitwa Gboard, fungua mahali pa kuandika, shikilia alama ya mkato mpaka kitoke kigurudumu cha mipangilio. Ingia sehemu ya lugha, ongeza Kiswahili. Kisha nenda sehemu ya masahihisho uzime kile kinachobadilisha neno chenyewe. Mapendekezo yanayotokea juu ya batani yaache, hayo hayakulazimishi, unayapokea ukitaka. Ukiwa humo humo washa mstari wa namba ili tarakimu zikae juu muda wote usihangaike kubadilisha ukurasa, na ongeza urefu wa kibodi mpaka mwisho. Batani zinanenepa. Wateja wangu wa mikono mikubwa, mafundi magari hasa, wengi tatizo lao liliishia hapo.

Gboard hiyo hiyo ina alama ya maiki. Ukiiwekea Kiswahili, unasema nayo inaandika. Kwa maneno ya kawaida inakwenda vizuri. Kwa bei usiitumie karibu na dingdong.

Tena kuhusu bei: mbona unaiandika upya kila mara? Hapo ndipo laki nne ilipopotelea. Hamia WhatsApp Business, ni bure, namba yako ni ile ile, ila tunza nakala ya mazungumzo kabla ya kuhama. Ndani yake kuna majibu ya haraka, unaruhusiwa mpaka 50. Kaa Jumapili mchana, miwani usoni, chai pembeni, andika orodha yako yote mara moja: mbili kwa nne futi kumi na mbili, elfu tano na mia tano (5,500), mbili kwa sita, moja kwa nane, mbao za dawa na zisizo za dawa, kila moja kwa tarakimu na kwa maneno kama unavyoandika hundi. Mpe binti wa steshenari aikague. Iite "bei". Kuanzia hapo mteja akiuliza, hata saa kumi na mbili asubuhi na barafu nje, unaandika mkwaju na neno bei, /bei, orodha inatoka yote. Bei ikipanda unabadilisha sehemu moja. Na siku ukikosea tena, usiende kuwasha moto kwanza. WhatsApp inakuruhusu kuihariri meseji ndani ya dakika 15 tangu uitume: ishikilie, chagua kuhariri, rekebisha. Yule wa Dodoma asingepata hiyo skrinshoti kama ungeitazama tena kabla chai haijachemka. Nisamehe, nilisema sitakukaripia.

Umeniambia nisikwambie uzoee kioo. Sikwambii. Nakwambia uichomekee batani simu uliyo nayo. Kuna kibodi ndogo za Bluetooth, nyingine zinakunjwa mara mbili zinaingia kwenye mkoba, Android inazipokea bila programu yoyote. Unawasha Bluetooth, unaunganisha mara moja, basi, kesho ukiiwasha inajishika yenyewe. Mimi naiona hii ndiyo simu yako ya batani. Kibodi hizi nyingi zina kitu ambacho BlackBerry haikukupa na Nokia haikukupa, yaani mstari kamili wa namba huko juu, 1 mpaka 0, hakuna kupanda mgongo wa herufi. Ukinunua, hakikisha mstari huo upo, kwa sababu zile ndogo kabisa huwa wanaukata. Pale ofisini kiwanjani unaegemeza simu kwenye kikombe, unaandika kwa mikono miwili kama karani wa mahakama uliyemtaja. Kioo chote kinabaki cha kusomea, hakuna sehemu iliyoliwa. Ikiharibika umepoteza kibodi, simu na laini zako viko salama. Maranda yakiingia, na Mafinga yataingia, unaigeuza chini juu, unaipiga mswaki mkavu. Ni sehemu ndogo ya ile laki tatu na nusu, na chenji inabaki ya miwani.

Haitakupa kuandika mfukoni, hilo nakubali. Ukiwa umesimama kwenye gari utabaki na kioo. Lakini kwenye gari huhitaji kuandika barua, unahitaji /bei na "sawa baba".

Hiyo Titan 2 aliyokuonyesha binti ni simu ya kweli. Unihertz ni kampuni ya Shanghai, wameendelea kutengeneza simu za batani wakati wengine wameacha. Walianza na Titan, kisha Titan Pocket 2021, Titan Slim 2022, na Titan 2 ikatoka 2025 ikiwa na Android 15, laini mbili, betri ya mAh 5,050 na kioo cha mraba cha inchi nne na nusu. Kati ya ulizonitajia ndiyo pekee iliyo hai. Ukiniambia mwakani kwamba umevaa miwani, umeweka Kiswahili, umetumia kibodi ya pembeni na bado roho inadai batani kwenye kiganja, nitakwambia agiza hiyo, mpya, sio Titan za nyuma ambazo Android zake zimeshazeeka. Lakini uiagize ukijua mambo matatu. Ni pana, kwa mkono mmoja wa mama inachosha. Programu nyingine zimechorwa kwa kioo kirefu, zikifika kwenye mraba batani za chini zinajificha, na hutaki ijifiche ile ya "thibitisha malipo". Na ikivunjika kioo, sijawahi kuwa na kioo chake mezani kwangu. Tutaagiza wote tukisubiri, wewe unapoteza wateja, mimi napoteza uso. Namba nazo zimepanda mgongo wa herufi vilevile, kwa hiyo vidole vyako vya E63 vitaanza darasa la kwanza.

Kuhusu E63 yenyewe: natumaini hujaitupa. Betri yake ni BP-4L, ile ile ya E71 na E72, ndiyo maana bado unaweza kuikuta imening'inia kwenye vibanda vya fundi simu. Ila iangalie isiwe imevimba. Laini zako za sasa ni ndogo, itabidi ununue kile kifremu cha plastiki cha kuikuza laini ndipo ikae. Weka ile laini ya pili unayoitumia kwa madereva, maana wao unawaandikia SMS fupi tu: gari limetoka, umefika wapi, TP namba fulani. Hiyo kazi E63 inaijua, na mfuko wa koti inaujua.

Ukiiwasha, ya kwanza mwandikie kijana wa Kariakoo kabla ya Jumamosi. Bila kutazama batani, tuone kama gumba halijasahau.